UZI: Bahati nasibu inavyofanya kazi, hela inavyoingia na kutoka, na kwa nini tiketi zinanunuliwa kila siku

#1 Kikokotoo

Wakuu, salaam. Kitita kikipanda kidogo tu, jukwaa linajaa nyuzi za "nipeni namba". Humu hakuna namba. Humu tunafungua injini. Mwenye kujua aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hesabu.

Tuanze na mchezo unaopimika kirahisi, 6/49. Kuna mipira 49, inachomolewa sita, na mpangilio haujalishi. Mpira wa kwanza una njia 49, wa pili 48 kwa kuwa wa kwanza haurudishwi, hivyo hivyo hadi wa sita wenye njia 44. Ukizidisha zote unapata 10,068,347,520. Lakini namba sita zilezile zinaweza kutoka kwa mipangilio 720 (6×5×4×3×2×1) na zote ni tiketi ileile, kwa hiyo unagawanya. Jibu ni 13,983,816. Hizo ndizo tiketi tofauti zote zinazowezekana, na yako ni moja.

Kuiona kwa macho: kilo ya mchele ina punje elfu 45 hadi 50 hivi, kutegemea aina. Punje milioni 14 ni magunia matatu ya kilo mia. Paka punje moja wino mwekundu, koroga magunia yote, kisha mtu aliyefungwa kitambaa usoni aingize mkono mara moja atoe punje moja. Ukicheza mstari mmoja (yaani seti moja ya namba sita) kwenye droo mbili kila wiki, kwa wastani utasubiri zaidi ya miaka 134,000.

Ngazi za chini, mchezo uleule:
namba 5 kati ya 6: 1 kati ya 54,201
namba 4: 1 kati ya 1,032
namba 3: 1 kati ya 57
Na tiketi kama 44 katika kila 100 hazipati hata namba moja.

Upande wa hela. Bahati nasibu nyingi za serikali duniani hurudisha kwa wachezaji karibu nusu ya mauzo. Nyingine ni kamisheni ya muuzaji, mitambo, matangazo, na fungu la serikali au mfuko wa jamii. Kwa hiyo ukilipa 1,000, unaondoka dirishani na kitu cha 500 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo 500 imefungiwa kwenye kitita kikuu ambacho karibu kila mnunuzi hatakigusa. Hata ushindwe mara ngapi, hakuna anayekuibia. Bei ndiyo hiyo.

Zawadi nazo ni za aina mbili. Kuna za kiwango maalumu, kama ile michezo ya tarakimu tatu kule Marekani: michanganyiko 1,000, dola 1 inalipa 500 ukipatia kwa mpangilio. Nusu kamili imebaki kwa mwendeshaji, wala haijifichi. Na kuna za kapu, ambapo washindi wa ngazi moja wanagawana kilichomo.

Msimamo wangu: nafasi ya kushinda haibadiliki kwa ujanja wowote, inabadilika kwa kununua mistari mingi tu, na hiyo ni gharama. Kilicho mikononi mwako ni viwili, unagawana na wangapi na unatumia shilingi ngapi. Yaliyobaki ni porojo.

#2 Mchana Mikeka

Mkuu nakubali robo tatu. Ila namba moto zipo. Kuna watu wanaweka rekodi za droo zote, namba iliyolala muda mrefu lazima ifike siku iamke.

#3 Kikokotoo

Lazima kwa amri ya nani? Mpira ni plastiki au raba, haukumbuki Jumamosi iliyopita. Tarehe 6 Septemba 2009 Bulgaria zilitoka 4, 15, 23, 24, 35, 42. Droo iliyofuata, tarehe 10, zikatoka zilezile sita. Serikali ikaagiza uchunguzi, udanganyifu haukuonekana. Kwa hesabu za mpira, zilikuwa na nafasi sawa na sita nyingine zozote.

Ila sehemu tamu ni hii: ile droo ya pili walishinda watu 18. Kuna waliocheza namba za juzi kwa makusudi, na kilichowasubiri ni kugawana.

#4 Binti Kingo

Hapo ndipo pa kukaa. Watu wanadhani 1-2-3-4-5-6 ni mbaya kwa sababu "haiwezi kutoka". Inaweza kutoka kama nyingine. Ubaya wake ni kwamba wenye wazo hilo ni wengi.

Ushahidi wa Afrika Kusini, PowerBall ya tarehe 1 Desemba 2020: zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada 10. Watu 20 walikuwa nazo, kila mmoja akapata randi milioni 5.7 hivi. Mitandaoni wizi, wizi! Jamani, mwizi gani anaiba kwa namba atakazogawana na watu wengine 19?

Uingereza, 14 Januari 1995: 7, 17, 23, 32, 38, 42. Tiketi 133 ziligawana kitita cha pauni milioni 16 na ushee, kila moja ikaambulia 122,510. Hata kama zingeuzwa tiketi milioni 70, kwa kubahatisha tupu ungetegemea washindi watano hivi. 133 maana yake watu walikuwa wanafuata mchoro kwenye fomu, wakiweka alama katikati ya karatasi, moja chini ya nyingine, wakiacha pembezoni.

Kwa vitendo, kwa anayecheza mchezo wa kapu:
tarehe za kuzaliwa zinakufungia 1 hadi 31. Michanganyiko ya humo ni 736,281, yaani kama asilimia 5 ya yote, lakini umati umejazana huko.
usichore mstari, msalaba wala ngazi kwenye fomu.
usirudie namba za droo iliyopita, wala zilizotangazwa gazetini na mtabiri.
rahisi zaidi, acha mashine ikuchagulie.
Hayo hayakuongezei nafasi hata chembe. Yanapunguza idadi ya majirani mezani siku ukishinda, basi.

#5 Nusu Dinari

Swali la mtu wa darasa la mwisho. Kama michanganyiko ni milioni 14 na zimeuzwa tiketi milioni 14, si lazima mmoja awe nayo? Mbona kitita kinahamia droo inayofuata?

#6 Kikokotoo

Si swali la darasa la mwisho hilo. Ingekuwa tiketi za namba za mfululizo, kila moja ikiuzwa mara moja, ni kweli angepatikana mmoja. Lakini hapa watu wanachagua wenyewe na wanarudia. Ukiuza tiketi milioni 14 ovyoovyo, kama asilimia 37 ya michanganyiko haitanunuliwa na mtu yeyote, wakati mingine ina wenyewe wawili watatu. Kwa hiyo zaidi ya mara moja kwa kila droo tatu, kitita kinabaki.

Na waendeshaji wanapenda kibaki. Oktoba 2015 Uingereza ilitoka mipira 49 kwenda 59, michanganyiko ikaruka kutoka milioni 14 hadi 45,057,474. Mwezi huohuo Powerball ya Marekani ikatoka 175,223,510 kwenda 292,201,338. Miezi mitatu baadaye, Januari 2016, kitita chake kikafika dola bilioni 1.586, foleni zikapinda kona. Ugumu uliongezwa makusudi ili kitita kikae muda mrefu kikinenepa, maana kitita kinene kinajitangaza chenyewe kwenye habari.

Nyongeza: namba ya kitita cha Powerball inayotangazwa kwenye mabango ni ya malipo 30 yanayosambazwa kwa miaka 29. Novemba 2022 bango lilisema dola bilioni 2.04, lakini anayetaka taslimu kwa mkupuo angepata milioni 997.6, kabla ya kodi.

#7 Mchana Mikeka

Sawa nimenyamaza kuhusu namba moto 😅 Lakini basi tajiri mmoja akinunua zote?

#8 Sheha wa Namba

Imefanyika. Mwaka 1992, jimbo la Virginia, mchezo wa 6/44. Michanganyiko 7,059,052, tiketi dola 1, kitita dola milioni 27. Kundi la wawekezaji lililoandaliwa na Stefan Mandel, mwanahesabu mzaliwa wa Romania aliyehamia Australia, likaamua kununua yote. Kwenye karatasi ni faida tupu. Kilichowasumbua ni kuchapa.

Fanya hesabu. Fomu moja ina mistari mitano, tuseme, kwa hiyo ni fomu milioni 1.4. Mashine ikitumia sekunde 10 kwa fomu, mashine moja ingehitaji siku 163 bila kulala. Ukiwa na siku tatu unataka mashine 55 zisizosimama, zisizoishiwa karatasi, na wauzaji wasiochoka. Wao muda uliwaishia wakiwa na tiketi milioni 5 hivi. Yaani waliingia kwenye droo huku michanganyiko milioni 2 ikiwa nje. Tiketi ya ushindi ilikuwa ndani ya walizonunua, wakapona. Ingetokea mojawapo ya hizo milioni 2, au angejitokeza mtu wa pili wa kugawana naye, tungekuwa tunasimulia kilio.

Njia iliyo ya kweli zaidi ilikuwa Massachusetts, mchezo wa Cash WinFall. Kanuni yake: kitita kikivuka dola milioni 2 bila mshindi, hela inamwagwa chini kwa walio na namba 5, 4 na 3. Wiki za mmwagiko, tiketi ya dola 2 ilirudisha zaidi ya dola 2 kwa wastani. Vikundi vichache viligundua, vikawa vinanunua tiketi maelfu kwa maelfu wiki hizo tu. Angalieni kwamba hawakutafuta kitita kikuu, walitafuta ngazi za chini, ambako ukiwa na tiketi nyingi wastani unakuja kweli. Mchezo ulifungwa 2012. Mchezo wenye tundu la namna hiyo ukijulikana hauishi.

#9 Jirani wa Likoni

Huku Kenya wengi wakisema jekipoti wanamaanisha ya mechi za mpira, basi niieleze kidogo. Mechi 17, kila moja ina majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. 3 ikizidishwa yenyewe mara 17 ni 129,140,163. Mtu atasema mimi naijua ligi. Haya, tuseme unaijua hivi kwamba kila mechi unapatia nusu ya mara, na hicho ni kiwango kizuri. Bado ni 1 kati ya 131,072. Ya mechi 13 kwa ujuzi huohuo ni 1 kati ya 8,192.

Panapomaliza watu mfuko ni dabo. Kila mechi unayoweka majibu mawili inazidisha mistari kwa mbili, majibu matatu kwa tatu. Dabo tano ni mistari 32. Kama mstari ni shilingi 50, hiyo ni 1,600, na mtu anaona ameweka "mkeka mmoja". Bahati nasibu za namba zina mtego uleule: ukichagua namba 8 kwenye mchezo wa 6, umenunua mistari 28. Namba 10 ni mistari 210. Soma jumla iliyo chini kabla ya kubonyeza.

Halafu kapu la mpira lina ugonjwa wake. Wiki ambayo timu kubwa zote zimeshinda, utabiri wako ni wa kila mtu, na mgao unakuwa mwembamba. Wiki yenye miujiza ndiyo inayolipa, na wiki hiyo karibu kila mkeka umechanika.

#10 Nusu Dinari

Na wizi wa ndani je? Mbona mnapita pembeni?

#11 Sheha wa Namba

Hatupiti. Mifano miwili inatosha.

Pennsylvania, 24 Aprili 1980, mchezo wa tarakimu tatu, mipira myepesi inayorushwa na upepo. Wahusika walidunga rangi kwa sindano ndani ya mipira yote isipokuwa ya 4 na 6. Mizito ikabaki chini, ikapanda 4 au 6 tu. Ikatoka 666. Kwa namba mbili zinabaki michanganyiko minane (444, 446, 464 na kuendelea), na hiyo minane ndiyo iliyowaumbua, maana hela nyingi isiyo ya kawaida iliwekwa juu yake.

Wa pili hakugusa mpira. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo kwenye chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Aliingiza msimbo kwenye kompyuta ya kuzalisha namba, ambao kwa tarehe tatu tu za mwaka, zikiangukia siku fulani za wiki na baada ya saa fulani ya usiku, uliacha kubahatisha na kutoa namba zinazokisika. Siku nyingine zote mashine ilipita vipimo vizuri. Alikamatika kwa tiketi ya Hot Lotto ya 29 Desemba 2010, dola milioni 16.5, iliyokaa karibu mwaka bila mwenyewe kujitokeza, kisha ikaja kudaiwa kupitia kampuni ya Belize. 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Ndiyo maana droo inayojiheshimu ina mambo haya: mauzo yanafungwa na kumbukumbu ya tiketi zote kuhifadhiwa mahali pa pili kabla mpira haujachomolewa, seti za mipira na mashine ni zaidi ya moja, na ya kutumika inapatikana kwa kura siku hiyohiyo, mipira inapimwa uzito na kufungiwa kwa lakiri, kuna droo za majaribio na mkaguzi wa nje. Ukiona mchezo ambao mauzo yanaendelea huku namba zinasomwa, kimbia.

#12 Binti Kingo

Tumejibu "inafanyaje kazi", sasa "kwa nini watu wanacheza". Hapa wanahesabu huwa wanakuwa na kiburi, wanasema ni ujinga. Si ujinga.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer aliuza tiketi za dola 1 kwa wafanyakazi wa ofisini. Wengine walichagua tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Kabla ya droo wakaulizwa wangeiuza kwa bei gani. Waliopewa walitaka wastani wa dola 1.96, waliochagua walitaka 8.67. Tiketi ni zilezile. Ndiyo maana fomu inakuachia uchague namba, ingawa mashine ingechagua haraka zaidi. Kuchagua ndiko kunakofanya iwe *yako*.

Pili, majuto. Uholanzi wana bahati nasibu ya msimbo wa posta, ikitoka ya mtaa wenu wanalipwa wenye tiketi tu. Wewe usiyenunua utajua bila kuuliza kwamba ungeshinda, na jirani atapita na gari jipya. Mwenye kucheza namba zilezile kila wiki yuko kwenye mtego huohuo: hawezi kuruka droo hata moja, akihofia zitoke siku hiyo.

Tatu, akili haioni tofauti kati ya 1 kwa milioni 14 na 1 kwa milioni 45. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba nafasi ndogo sana tunaipa uzito kuliko inavyostahili.

Na la nne ndilo linalotuhusu zaidi. Sylvan Herskowitz alichunguza wanaume wanaobeti Kampala, matokeo yakachapishwa 2021. Wengi walikuwa wanatafuta hela ya mkupuo kwa kitu kikubwa kisichonunulika kwa vijisenti: mtaji, pikipiki, kiwanja. Waliopewa kisanduku cha kuwekea akiba, hamu yao ya kubeti ilipungua. Mtu ambaye elfu mbili yake haikai siku tatu bila kuombwa na shangazi anaona mkeka ni njia ya kuikusanya. Mshindani halisi wa tiketi kwake ni upatu na kikoba, na upatu unarudisha chote.

#13 Abu Twalha

Assalaam alaykum. Mahesabu mazuri, lakini Suratul Maida aya ya 90 imeshamaliza. Maysir, yaani kamari, ni maysir hata ikirudisha asilimia 99.

#14 MODERETA

Waalaykum salaam. Limesikika Sheikh, na linabaki hapo. Mjadala wa dini una jukwaa lake, tusihamishe uzi.

#15 Mchana Mikeka

Wadau, na hizi SMS za "hongera umeshinda"?

#16 Jirani wa Likoni

Hukununua tiketi, hukushinda. Na ukiambiwa utume "ada ya kutolea" kwanza, huyo ni ndugu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kodi au makato halali ya ushindi hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tanzania, mwendeshaji lazima awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003, na umri ni miaka 18. Uliza leseni kwenye bodi yenyewe, usiulize kwa aliyekutumia ujumbe.

Tiketi ya karatasi: andika jina na saini nyuma papo hapo, maana isiyo na jina ni ya aliyeishika. Piga picha mbele na nyuma. Soma mwisho wa kudai, Uingereza kwa mfano ni siku 180 baada ya droo.

#17 Nusu Dinari

La mwisho. Tuko 12 ofisini tunataka kuchanga. Inafaa?

#18 Kikokotoo

Kama mtacheza, ndiyo namna yenye hasara ndogo kwa kichwa. Hispania wanafanya hivyo nchi nzima: bahati nasibu ya Krismasi, ilianza 1812, na siku hizi droo ni tarehe 22 Desemba. Namba 100,000, kipande cha tiketi kinauzwa euro 20 na kikipata zawadi kuu kinalipa 400,000. Kinachorudi ni asilimia 70 ya mauzo, na ofisi, baa na vijiji hununua namba moja pamoja. 2011 kijiji kidogo cha Sodeto karibu kaya zote zilikuwa na kipande cha namba iliyoshinda.

Penye kuvunjika ni kwenye orodha. Mmoja hakutoa wiki hiyo, "nitalipa Jumatatu", droo ni Jumamosi, tiketi ikashinda. Yumo au hayumo? Kwa hiyo andikeni karatasi moja kabla ya kununua: majina 12 na saini, kiasi cha kila mtu, saa ya mwisho ya kulipa, na kwamba asiyelipa kabla ya saa hiyo hayumo hata kama ni bosi. Mnunuzi awe mmoja, atume picha ya tiketi kwenye kundi kabla mauzo hayajafungwa. Akinunua na zake binafsi, anunue kwenye risiti nyingine na picha yake nayo itumwe. Zawadi ndogo amueni mapema, zinagawanywa au zinarudi kwenye droo inayofuata, kwa sababu hizo ndizo mtakazokutana nazo.